Nishike Mkono, Usinisukume

Mume wangu ni mtu wa Pangani. Kuogelea alijifunza kabla ya kusoma, na anaamini woga wa mtoto wa kiume unatolewa kwa kishindo kimoja tu, kama jino bovu. Mimi ni Mhaya wa Kamachumu, Muleba, kazi zangu ni za ofisini Posta, na maji yakishazidi magoti huwa nayaangalia kwa heshima zote. Sasa fikiria, mpenzi msomaji, watu wawili wa namna hiyo wamejaliwa watoto wawili, na Jumamosi moja ya mwezi wa nane wakaamua kuwapeleka kwenye mabembea.

Ilikuwa sehemu moja ya michezo hapa Dar. Jina lake nalihifadhi kwa sababu makosa yalikuwa yetu, siyo yao. Kijana wetu ana miaka saba, mdogo wake minne. Yule mdogo ni kichaa wa kila kinachozunguka. Ungemwachia angepanda hadi feni la dukani. Kaka mtu ndiye mtu wa kufikiri. Alisimama mbele ya ile meli kubwa inayoning'inia, ile inayobembea huku na huku mpaka karibu isimame wima, akaiangalia raundi mbili nzima. Halafu akasema, "Baba, mi nitaangalia tu."

"Wewe mwanaume bwana. Twende!"

Wakaenda. Bembea ya kwanza alicheka. Ya pili akanyamaza. Ya tatu akaanza kupiga mayowe ambayo nikiyakumbuka mpaka leo tumbo linanikata. Na mashine zile hazina huruma, zina muda wake. Ukishafungiwa chuma cha kifuani huwezi kusema nishusheni hapa kituoni. Aliposhuka suruali ilikuwa imelowa, na hakulia tena. Alinyamaza tu. Tukarudi Mbezi bila redio, mimi na baba yake hatusemeshani, na nyuma mdogo mtu anauliza kila dakika mbili kwa nini yeye hakupanda.

Usiku ndipo vita ilipoanza. Mimi: umemharibu mtoto. Yeye: wewe ndiye unamdekeza. Wiki ile ile kijana akagoma kupanda hata ngazi za umeme madukani. Anashika nguzo, anatetemeka, watu wanageuka kutuangalia. Kwa miezi mitatu tulikuwa tunapanda ngazi za kawaida kama watu wa mazoezi, na kila ngazi ilikuwa lawama ambayo hakuna aliyeitamka.

Desemba ikafika. Kuna wanaokwenda kupumzika Zanzibar, sisi Wahaya tunarudi kwetu. Tukaingia kwenye gari: Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, tukalala njiani, kisha Biharamulo na Muleba. Ukishafika Muleba hewa inabadilika, migomba inaanza kukusindikiza pande zote mbili, na kila kona unaiona Ziwa Victoria kwa chini, imetulia kama haijawahi kumfanyia mtu kitu.

Kamachumu iko juu, na ubaridi wake ni wa kuvaa sweta jioni. Mama alitupokea kwa matoke na maharage, na kikapu cha senene waliokaangwa ambao mume wangu, baada ya miaka tisa ya ndoa, bado anawala kwa kufumba macho. Watoto wakapiga magoti kusalimia kama walivyofundishwa. Kabla chai haijapoa, binamu zao walikuwa wameshawachukua.

Niliwakuta kwenye rweya. Kwa usiyejua, vijiji vya kwetu ni kama visiwa vya migomba na mibuni, na katikati yake kuna nyanda za majani matupu. Hizo ndizo rweya. Pale kwetu rweya ina mteremko, na mvua ikishanyesha majani yanateleza kama yamepakwa mafuta. Watoto wanachuna magamba mapana ya mgomba, wanakalia upande wenye utelezi ukiwa chini, wanashika ncha ya mbele, halafu wanaserereka mpaka bondeni. Hakuna tiketi wala foleni. Mimi mwenyewe nimechana sketi kadhaa za shule pale.

Kijana wangu alikuwa amesimama pembeni, mikono mfukoni. Nikataka kumwita. Kitu kikaniambia, hebu kaa kimya uangalie.

Hakuna aliyemwambia kitu. Hilo la kwanza. Hakuna "wewe mwanaume", hakuna "mtoto wa Dar muoga". Waliendelea na mchezo wao. Baada ya kama nusu saa binamu mkubwa, ana miaka kama kumi na miwili hivi, akamtupia gamba lake na kuendelea na shughuli zake. Kijana akalibeba, akaenda, tena siyo juu, bali sehemu ya chini kabisa ambako mteremko unakaribia kuisha, mahali ambapo hata kuku angeteremka bila wasiwasi. Akateleza hatua tatu. Akasimama, akaangalia kama kuna anayecheka. Hakuna. Akapanda hatua tano juu zaidi.

Wakati huo mdogo wake alikuwa anataka kilele. Na hapa, msomaji wangu, nilijifunza sheria ambayo nilikuwa nimeisahau. Pale rweya hakuna anayeruhusiwa kushuka kutoka mahali ambapo hawezi kulivuta gamba lake mwenyewe kulifikisha. Ukiweza kulikokota mpaka nusu, basi wewe ni wa nusu. Binti yetu alilikokota gamba lile kwa hasira zote za dunia, akaishia robo ya mlima, akakaa chini, akalia. Binamu zake hawakumbebea. Akateremka kutoka pale alipofika, na machozi yakakauka kwa upepo.

Nikakumbuka zile fimbo za kupimia urefu kwenye viwanja vya michezo, sentimita kadhaa ndiyo upande, pungufu hapana. Kuna wazazi, na nawajua, wanaomvalisha mtoto viatu vya soli nene ili avuke mstari. Jamani, ule mstari siyo wa kubagua. Kiti na kile chuma cha kumzuia mtu vimetengenezwa kwa mwili wa ukubwa fulani. Mwili mdogo unachomoka. Lakini urefu unapima mwili tu. Kijana wetu alikuwa na sentimita zote siku ile ya Agosti. Kilichopungua hakikuwa kinapimika kwa fimbo, na watoto wa Kamachumu wao wanakipima kwa gamba la mgomba.

Siku ya tatu alikuwa anaserereka kutoka katikati, huku anapiga kelele, lakini kelele za furaha. Nikamwita, tukakaa kwenye majani. Nikamuuliza, kwa upole, ile meli ya Dar ilikuwaje.

"Mwanzoni ilikuwa nzuri," akasema. "Halafu nikakuona."

"Ukaniona mimi?"

"Ulikuwa umeshika kichwa, unalia. Nikajua imeharibika."

Yaani nilikaa pale kama nimepigwa kofi. Miezi mitatu namlaumu baba yake. Na ni kweli, baba yake alimsukuma. Lakini mtoto alikuwa juu kule, anatafuta uso mmoja anaouamini, na uso wenyewe ulikuwa wangu, unapiga mayowe chini ya mashine.

Usiku ule, mama akiwa ameshalala, nilipekua kwenye simu kutafuta kama kuna wengine waliokumbwa na hili. Nikakutana na utafiti wa Marekani wa mwaka 1985. Walichukua watoto wa umri wa mwaka mmoja, wakawaweka juu ya meza ya kioo ambayo kuanzia katikati, chini yake, sakafu inaonekana kama imeshuka. Upande wa pili alisimama mama. Mama alipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Alipoonyesha uso wa hofu, kati ya watoto 17 hakuna hata mmoja aliyethubutu. Kioo ni kile kile. Nikaisoma mara mbili, nikamwamsha mume wangu, nikamsomea. Akasikiliza. Akasema, "Kwa hiyo sote wawili tulivuruga." Nikasema ndiyo. Nadhani ndiyo mazungumzo mafupi na mazuri kuliko yote tuliyokuwa nayo mwaka ule.

Tukapatana mambo pale pale kitandani, na nayaandika kwa sababu najua wako wanandoa wengi wanaogombana mlangoni, tiketi mkononi. Mtoto akisema "naangalia tu", anaangalia, na hakuna anayemkebehi. Akisema hapana akiwa tayari amesimama kwenye foleni, tunatoka kwenye foleni, hata kama hela imeshalipwa. Hela ya tiketi moja ni ndogo kuliko miezi mitatu ya ngazi. Na atakayekuwa anaogopa zaidi kati yetu, asisimame chini akitazama, akanunue maji.

Asubuhi nikafungua buti ya gari kutafuta miavuli, nikakuta majaketi mawili ya kuokolea maisha, madogo, ya watoto, bado yako kwenye nailoni. Alikuwa ameyanunua Dar. Alikuwa amepanga safari ya boti na hakuniambia.

Hapa lazima nirudi nyuma. Mwaka 1996 nilikuwa na miaka minane. Mama yangu alikuwa na mdogo wake, mrefu, mcheshi, aliyekuwa anasoma Mwanza. Alikuja likizo, akanisuka nywele, akapandia meli Kemondo kurudi chuoni. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikiwa inakaribia Mwanza. Walikufa mamia. Wengi walizikwa Igoma, Mwanza, na mama mdogo yuko kule, au tunaamini yuko kule. Mkoani kwetu ni vigumu kupata familia ambayo haina mtu wake kwenye hadithi ile. Tangu hapo sikuwahi kukanyaga chombo chochote cha majini. Kwenda Zanzibar fungate nilipanda ndege, na mume wangu, mtu wa Pangani, alikubali bila kuuliza. Halafu tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ikaanguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba. Watu 43 walikuwa ndani, 19 walifariki, na waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Siku ile nilijisemea, hata angani ziwa linatufuata.

Kwa hiyo nilisimama kwenye buti na yale majaketi nikitetemeka kwa hasira. Kisha nikaona kitu. Alikuwa ameandika majina ya watoto kwenye kola kwa kalamu ya wino mzito, na ameongeza kamba ya kupita katikati ya miguu, ameishona mwenyewe, vibaya, kwa uzi wa kuvulia samaki. Hasira ikabaki nusu.

Tulishuka Bukoba tukalala siku mbili kusubiri mvua ipungue. Mji wenyewe unatembelewa kwa miguu: mto Kanoni unaoingia ziwani, kilima cha Bunena na kanisa lake, ufukwe ambako jioni watu wanakula samaki na ndizi. Watoto hatukuwaruhusu kuchezea maji ya kwenye majani na matete, maana Ziwa Victoria ina kichocho, na hilo siyo la kujadiliana. Kutoka ufukweni unaona kisiwa cha Musira mbele yako, jabali kubwa limekaa majini. Inasimuliwa kwamba enzi za wafalme wa Kihaya kilikuwa kisiwa cha kufungia watu. Leo kuna wavuvi na familia zao.

Siku ya tatu anga likafunguka. Tukashuka mwaloni Nyamukazi. Mume wangu akazungumza na wenye boti kama mtu anayenunua ng'ombe: aliuliza imebeba watu wangapi jana, akaangalia sakafu kama inavuja, akauliza kuhusu upepo wa kurudi. Boti ya kwanza ilikuwa imejaa, akaikataa, ingawa walitubembeleza, "Shemeji, nafasi ipo!" Bukoba nzima inamwita shemeji. Ya pili ilikuwa na nafasi na majaketi ya watu wazima ya kututosha. Yale ya watoto tuliyapima hivi: mvalishe mtoto, funga mikanda yote, kisha shika mabega ya jaketi ulivute juu. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa, majini litamwacha. Ya kwetu hayakupanda. Ile kamba mbaya ya uzi wa samaki ilishika.

Binti alikuwa ameshakaa. Kijana akasimama kwenye mchanga, akaangalia boti inavyocheza. Niliuona mkono wa mume wangu ukienda kwenye mgongo wa mtoto, ukasimama katikati ya njia, ukarudi.

"Baba, nishike mkono," kijana akasema. "Lakini usinisukume."

Akamshika. Wakaingia. Halafu kijana akageuka, akanitazama mimi.

Sasa, uso. Nilikuwa nimejiandaa kutabasamu kama kwenye picha za harusi. Lakini watoto hawadanganyiki. Tabasamu la uongo wanalijua kuliko sisi. Nikamwambia ukweli. "Mama anaogopa kidogo. Boti tumeikagua, majaketi tumevaa, na nakuja." Akatikisa kichwa kama mzee wa kikao. "Hata mimi kidogo," akasema, akasogea nipate nafasi.

"Dada, kaa katikati, usisimame," nahodha akaniambia. Sikuwa na mpango wa kusimama.

Ilikuwa kama robo saa. Mawimbi yalikuwa madogo, lakini kwa mtu ambaye hajawahi, kila moja lina jina lake. Boti inainuka, tumbo linabaki nyuma, halafu inashuka na maji yanakurukia usoni. Ile hisia ndiyo hiyo hiyo watu wanayolipia kwenye mabembea: moyo unakwenda mbio, mwili unaamini unakufa, akili inajua haufi, na katikati ya hayo mawili kuna kicheko. Yupo mtafiti wa Norway, Ellen Sandseter, aliyeandika mwaka 2007 kuhusu michezo ya hatari ambayo watoto huitafuta wenyewe, akaiweka kwenye mafungu sita. Urefu na kasi vimo. Mimi nilikuwa nashuhudia fungu la kasi likinikalia mapajani na kupiga kelele, "Tena! Tena!" Kaka yake hakupiga kelele. Alishika ukingo kwa mkono mmoja, wa pili umenishika mimi, macho mbele. Katikati ya safari nikahisi vidole vyake vimelegea. Hakuvitoa, vililegea tu.

Musira unajitambulisha kwanza kwa uongozi wa kisiwa, ndipo unaonyeshwa njia ya kupanda. Tulipanda taratibu, binti mgongoni kwa baba yake sehemu kubwa ya njia, yule yule aliyetaka kilele cha rweya. Juu kuna upepo wa kutosha kukausha nguo, na mji wa Bukoba unauona wote umejipanga ufukweni, uwanja wa ndege pembeni na njia yake inayoishia karibu na maji. Tulikula mihogo ya kuchemsha tuliyofungiwa na mama. Nikawaonyesha upande wa kusini, nikawaambia kule ndiko Kemondo. Sikuwa nimepanga kusema zaidi ya hapo.

Lakini nikasema. Kwamba nilikuwa na mama mdogo, kwamba ndiye aliyenisuka mara ya mwisho nikiwa na umri unaokaribia wa kijana, kwamba alipanda meli kule chini na meli haikufika. Mume wangu aliacha kutafuna. Miaka tisa, hakuwahi kunisikia nikiieleza mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa anajua tarehe tu. Binti alikuwa anahesabu mitumbwi. Kijana alisikiliza yote, halafu akashika kifua cha jaketi lake.

"Alikuwa amevaa hii?"

"Hapana."

Hakuuliza kingine. Tulipoteremka mwaloni kurudi, nahodha ameshasukuma boti kwenye maji, kijana akapiga magoti mchangani, akaanza kukagua mikanda ya mdogo wake mmoja mmoja, akavuta na ile kamba ya katikati ya miguu mpaka mtoto akalalamika. Akaja kwa baba yake, akamkagua. Kisha akaja kwangu.

"Mama, wako umelegea."

Akaukaza. Tukaingia, safari hii yeye akiwa wa kwanza, na nahodha akavuta kamba ya injini, ikakubali mara ya tatu.